TAHADHARI: "Misteri shopa" wa cheki inayokuja kwa posta, wamenila dola 2,000

Jamani Waswahili wenzangu mlioko huku Marekani, hasa nyie mliofika juzijuzi na mnatafuta kibarua cha pembeni, someni hii kabla hamjaenda benki. Aibu ninayo lakini naandika hivyohivyo.

Mwezi uliopita niliona tangazo la kazi ya misteri shopa, yaani mteja wa siri, unaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida kisha unaandika ripoti umehudumiwaje. Nikajaza fomu, jina, anwani, namba ya simu, basi. Siku ya nne ikaja bahasha ya posta, ile ya haraka, ndani kuna barua yenye nembo safi kabisa na cheki ya benki ya dola 2,400. Maelekezo yanasema weka cheki kwenye akaunti yako, 400 ni malipo yako, 2,000 inayobaki kanunue gifti kadi nne za 500 (kadi za zawadi zenye hela ndani), kwangua, piga picha namba za nyuma, tuma, halafu tueleze keshia alikuwa na adabu kiasi gani. Dola 400 kwa kazi ya saa moja! Hapo ndo ningeshtuka, ila kodi ya nyumba ilikuwa imebaki siku sita.

Nikaiweka cheki dirishani pale benki, kesho yake hela inasoma. Na hapa ndo tunapoliwa wengi, maana sheria ya huku inailazimisha benki ikuachie hela ya cheki ya aina hiyo haraka, mara nyingi siku ya kazi inayofuata, lakini kuonekana kwenye akaunti siyo kwamba cheki imeshakubaliwa kule ilikotoka. Ufeki unaweza kujulikana wiki kadhaa baadaye. Yangu ilirudi siku ya tisa, akaunti ikasoma hasi, na deni ni la mimi niliyeiweka, benki hawakutaka hata kusikia hadithi yangu.

Kinachoniuma zaidi ni yule keshia wa duka nililonunulia kadi. Mama mtu mzima, aliona kadi nne za 500 akaniuliza taratibu, mwanangu kuna mtu amekutuma ununue hizi? Nikamjibu hapana, zawadi za binamu zangu. Barua ilisema nisijitambulishe kwa yeyote, nikigundulika silipwi, na huku simu inalia kila dakika tano, umefika? uko foleni? tuma picha, yaani hupewi nafasi ya kuwaza. Sasa oneni akili yao, kazi yenyewe ni ya siri, kwa hiyo mtu pekee ambaye angeniokoa siku ile ndo niliyemdanganya, tena nikaenda kumwandikia ripoti kwamba anauliza maswali mengi!

Kazi ya kweli ipo, msije mkasema nimeikataza. Ila haina utajiri, ni dola kumi, ishirini hivi kwa kukagua mgahawa au sheli, unatumia kwanza hela yako kidogo, unatunza risiti, unajaza ripoti ndefu ya muda uliongoja na choo kilikuwaje, halafu unarudishiwa na kulipwa baadaye. Kujiandikisha ni bure, anayekuuzia cheti au orodha ya makampuni naye mkimbie. Makampuni yanayofanya kazi hii yana chama chao, MSPA Americas, anzeni kutafuta huko. Hakuna hata moja linalotanguliza cheki ya maelfu kwa mtu lisilomjua. Na ukitaka kuihakiki cheki usipige namba iliyoandikwa juu yake, tafuta mwenyewe namba ya hiyo benki. Mi nilipofanya hivyo, kwa kuchelewa, wakaniambia cheki yenye namba ile hawajawahi kuitoa.

Kama umeshatuma picha, piga simu leoleo kwa kampuni ya kadi uwaombe wazizuie, kadi na risiti usitupe, kisha ripoti FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, kwenye reportfraud.ftc.gov na kwa wapelelezi wa posta kwa sababu bahasha imepita kwao. Zangu zilishakombwa siku ileile.

Jana usiku imeingia meseji nyingine, jina jipya, maneno yaleyale, safari hii wanataka nikakague duka la dawa. Nimewajibu niko tayari, leteni cheki. Bahasha ikifika siifungui, naipeleka posta kama ilivyo.