Tahadhari: Dirhamu za Bukhara Zilizomiminwa Kwenye Kalibu

Ninawatahadharisha wenzangu mnaokusanya sarafu za kale kuhusu muuzaji mmoja anayenadi kwa simu dirhamu, yaani sarafu za fedha, anazodai kuwa zimetoka Bukhara, mji wa kale ulioko Uzbekistan ya leo. Mwezi uliopita nilinunua kwake tatu, na zote ni za bandia.

Dirhamu halisi ya Bukhara ina sura ya mfalme mwenye taji, iliyoigwa kutoka kwenye sarafu za Varahran wa Tano, mfalme wa Kisasani wa Uajemi aliyetawala kuanzia 420 hadi 438, pamoja na maandishi ya Kisogdi, lugha ya kale ya Asia ya Kati. Nyuma yake kuna madhabahu ya moto na walinzi wawili. Utawala wa Kiislamu haukuifuta sura hiyo iliyokwisha kuzoeleka sokoni, bali baadaye uliongeza kwa Kiarabu jina la khalifa al-Mahdi (775–785). Muuzaji huyu aliniambia kwamba sura ni ya al-Mahdi mwenyewe, nami, kwa tamaa ya bei nafuu, nikanyamaza.

Nilipozitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona zote tatu zina mkwaruzo uleule chini ya kidevu na ufa uleule ukingoni. Sarafu zilizogongwa kwa muhuri mmoja zaweza kurithi kasoro ya muhuri, lakini mikwaruzo ya kupita mikononi mwa watu na nyufa za ukingo hazifanani hata siku moja, isipokuwa zimemiminwa kutoka kalibu moja. Vitundu vya mapovu ya hewa, ambavyo huachwa na madini yaliyomiminwa, vilimaliza ubishi.

Anauza pia anachokiita “Ghitrifi ya fedha tupu”, na hapo anajiumbua mwenyewe. Sarafu hiyo ilianzishwa na Ghitrif ibn Ata, liwali wa Khurasan, jimbo la mashariki lililojumuisha Bukhara, zama za khalifa Harun al-Rashid, ikachanganywa madini makusudi ili isichukuliwe nje ya mji. Narshakhi, aliyeandika historia ya Bukhara mwaka 943, anataja madini sita na kusema kwamba ilitoka nyeusi, watu wakaikataa.

Kabla ya kulipa, dai picha ya ukingo na picha za sarafu zake kadhaa zikiwa zimepangwa pamoja. Nilipodai fedha zangu alinifungia simu. Juzi rafiki yangu alinionyesha picha za dirhamu tano mpya alizotumiwa naye, na nne kati yake zina mkwaruzo ule wa kidevuni.