Sanditon, riwaya ya Austen iliyomaliziwa na mkono mwingine

Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliiacha Sanditon mwezi Machi 1817, baada ya kuandika takriban sura 12, na Julai ya mwaka huo akafariki. Toleo ninalolihakiki hapa ni lile la 1975, ambalo mwandishi wake wa pili alijiita "Bibi Mwingine" tu, akaiendeleza hadithi hadi kwenye ndoa ya Charlotte Heywood na Sidney Parker, kijana ambaye Austen mwenyewe aliwahi kumtokeza kwa muda mfupi sana.

Kwa upande wa lugha, Bibi Mwingine anastahili pongezi, kwani sentensi zake zina adabu ya zama zile na hazimkwazi msomaji. Upungufu wake uko kwingine. Austen alikuwa ameanza kukejeli kijiji cha pwani kinachogeuzwa mradi wa fedha, pamoja na watu waliofanya maradhi ya kubuni kuwa kazi yao ya kutwa. Mtazame Arthur Parker, anayejiona dhaifu: anapaka siagi kwenye mkate uliochomwa, anaikwangua karibu yote mbele ya dada zake wanaomchunga, kisha anavizia nafasi na kubandika bonge jingine sekunde chache kabla mkate haujaingia kinywani. Aliyeandika hayo alikuwa mgonjwa kwelikweli, wala hajionei huruma hata kwa neno moja! Katika mwendelezo, wagonjwa hawa wanabaki kuwa vichekesho vya kupitisha wakati, na mapenzi ndiyo yanayoshika usukani.

Mshono wenyewe, pale kalamu ya Austen inapoishia na ya Bibi Mwingine inapoanza, unaonekana. Sentensi ya mwisho ya Austen inamhurumia marehemu Bwana Hollis, mume wa kwanza wa Lady Denham, mjane tajiri wa kijiji hicho. Picha ndogo ya Hollis imewekwa pembeni huku picha kubwa ya mume wa pili, Sir Harry, ikitawala mahali pazuri juu ya meko, tena ndani ya nyumba iliyokuwa ya Hollis. Sikuona kejeli nzito kama hiyo katika kurasa zinazofuata.

Hata hivyo, ninakipendekeza kitabu hiki kwa msomaji asiyevumilia hadithi iliyokatika njiani, mradi asikihesabu chote kuwa cha Austen. Bibi Mwingine naye hakudai hivyo, kwa maana amefunga kitabu kwa kuomba radhi waziwazi, na maelezo hayo mafupi yana uchangamfu ambao ningependa kuuona zaidi katika sura alizoziandika.