StopNCII: nilivyoiona nikiwa nimekaa kando ya manusura

Nafanya utafiti wa ukatili wa kijinsia mtandaoni, na huduma nyingi nimeishia kuzisoma tu. StopNCII.org, huduma ya kuzuia picha za faragha zisisambazwe mtandaoni bila ridhaa, iliyoanza Desemba 2021, niliiona ikitumika pale manusura mmoja aliponiomba nikae naye. Mpenzi wake wa zamani alikuwa akitishia kusambaza picha zake za faragha. (Amekubali niandike bila jina.)

Kilichomtisha kwanza: “Yaani nizitume tena kwa watu nisiowajua?” Hapana. Picha haitoki kwenye simu. Inageuzwa humo humo kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu, na huo ndio unaopelekwa kwa kampuni zilizojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, ili mtu akiipandisha itambulike na kuzuiwa. Aliposoma hilo niliona mabega yake yakishuka.

Jina halitakiwi. Mwishoni unapewa namba ya kesi na namba ya siri. Ziandike hapo hapo, maana namba ya siri ikipotea hairudishwi. Kwa mtu ambaye mikono inatetemeka, hilo naliona kali.

Upungufu mkubwa ni kwamba lazima uwe na picha yenyewe. Baadhi ya ninaowahoji walipigwa picha bila kujua; hawana cha kuweka. Tena si mitandao yote imejiunga. Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kupigwa picha aende Take It Down, huduma kama hii kwa picha za walio chini ya umri huo.

Wiki iliyofuata aliniambia bado anashtuka simu ikilia usiku, ila sasa haizimi tena.