Nimeipima kamusi ya simu kwa neno umande

Kila kamusi mpya naijaribu kwa neno umande. Wengine hukimbilia matusi kwanza, tusidanganyane, ila mimi natafuta umande. Nimezaliwa Pangani kwa baba mvuvi, na sasa nafundisha Kiswahili shule ya msingi huku Lushoto. Neno hili nimelikuta pwani na mlimani, na kila mahali lina kazi yake. Kamusi ikilipatia, najua waliotunga wametoka nje ya ofisi.

Hii ninayoisema ni programu ya simu ya kulipia, shilingi 12,000 kwa mwaka. Jina nalihifadhi, maana malalamiko nimeshawapelekea wenyewe. Mazuri yake yapo. Haili bando, ukishaipakua inafanya kazi hata huko bondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha. Maandishi ni makubwa, na mimi miwani yangu nilishaikalia. Inafunguka upesi.

Sasa nikaandika umande. Ikanijibu hivi: matone ya maji yanayoanguka kutoka angani usiku, wingi, maumande, asili, Kiarabu, kisawe, ukungu. Chini yake, kwa herufi za bluu: Je, ulikuwa unatafuta rumande? Sikuwa naitafuta, asante, sijafikia huko.

Maumande! Nimeishi miaka arobaini na moja sijamsikia mtu aliyekanyaga maumande. Umande ni umande, uwe wa jani moja au wa shamba zima. Hilo tulipite.

Kiarabu nacho kimesingiziwa. Mwarabu akitaka kuutaja husema nada, na binti zao wanaitwa hivyo. Sijui nada igeuke vipi mpaka iwe umande. Mkikuyu anasema ime, Mnyarwanda ikime, Mchewa mame, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kuazima Uarabuni. Tuna mazoea ya kuona kila neno la pwani limeshuka kutoka jahazini.

Kuhusu ukungu, namwalika mhariri apande basi la alfajiri kutoka Mombo. Akifika kona za Soni, kile kinachomfanya dereva awashe taa na kupiga honi ni ukungu. Akishuka Lushoto akakatisha kwenye mabingobingo kwenda kujisaidia, kile kitakachomlowesha suruali mpaka magotini ni umande. Mmoja unasimama hewani, mwingine umekaa kwenye jani. Wazee wengine huyachanganya kidogo, nakubali, lakini kamusi inalipwa ili itenganishe.

Kosa lililoniuma zaidi ni hilo la kuanguka. Tunasema umande umeanguka, na Zaburi yenyewe inasema umande wa Hermoni unashuka, wala hakuna ubaya, ndivyo lugha ilivyo. Lakini kamusi inapoeleza kitu ni nini, ieleze. Umande hauanguki. Usiku wa mbingu nyeupe, bila mawingu wala upepo, majani hupoteza joto lake kuelekea juu, yanapoa kuliko hewa iliyoyazunguka. Mvuke uliomo hewani ukiyagusa unageuka maji palepale, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Atakayebisha aegeshe pikipiki mbili usiku wa namna hiyo, moja uwanjani, moja chini ya mparachichi. Asubuhi ya uwanjani ataifuta kiti kwa kitambaa, ya chini ya mti ataikuta kavu au karibu na kavu. Kama umande ungekuwa unaanguka kama mvua, majani ya mti nayo yangekuwa yanadondosha.

Halafu kuna yale ambayo hawakuyaandika kabisa. Niliposoma ile tafsiri nilimpigia baba. Shikamoo, marahaba, na kabla sijauliza chochote akaanza yeye: "Mwanangu, leo umande haukuvuma, tumetoka kwa makasia mpaka mikono imeota malengelenge." Mnaona? Kwa mvuvi wa Pangani umande ni upepo. Ni ule wa nchi kavu unaotoka magharibi usiku wa manane mpaka alfajiri, unaoisukuma ngalawa kwenda bahari kuu, na jua likishapanda unakata. Ule wa kutoka mashariki ni matlai, na hilo ndilo la Kiarabu kweli, mahali jua linapochomoza.

Hapo ndipo nilipokaa na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na hewa iliyopoa juu yake huteremka kwenda majini. Huo ni umande wa baba. Kupoa huko huko kwa nchi ndiko kunakolowesha majani. Huo ni umande wa wanafunzi wangu. Wahenga hawakuwa na kipimajoto, wakatoa jina moja kwa vitu viwili, na vyote viwili vimezaliwa na usiku mmoja.

Nimetaja wanafunzi. Kukimbia umande nako hakumo! Nimeandika msemo mzima, nikaandika kukimbia peke yake, hamna kitu. Mtu akisema fulani alikimbia umande, Mtanzania anajua hakusoma. Mimi hapa dirishani kila asubuhi ya Juni naona msemo huo ukipita kwa miguu: watoto wanakuja na viatu wamevishika mkononi, soksi mfukoni, kaptula zimelowa chepechepe, kwa sababu kijia kinapita katikati ya mahindi. Wiki iliyopita wa darasa la kwanza alikuwa amefunga mifuko ya nailoni miguuni, kajikaza kisabuni, anatetemeka. Huyo hajakimbia.

Sauti ya kutamkia ni ya mashine, inakazia silabi ya mwisho kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Niliizima siku ya pili.

Nyota mbili kati ya tano: moja ya kutokula bando, moja ya maandishi makubwa. Wamenijibu kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Neno lenyewe bado liko vilevile, nimeangalia leo asubuhi. Nimelipia mpaka Machi, basi nitaitumia mpaka Machi.