Duka la vitu vya kale karibu na Muncie, Indiana: vikombe vya kioo vya nguzo za umeme chukua, zambarau iache

Kama unaishi Indiana au Ohio na huwezi kupita nguzo ya umeme bila kuinua macho, hili duka ni lako. Vikombe ninavyosema si vya chai, ni vihami: vile vinavyokaa juu ya nguzo na kushika waya ili umeme usishuke kwenye nguzo. Mimi nilikuwa fundi wa laini Tanzania, 11kV na 33kV, na ugonjwa huo haujanitoka. Ni jengo moja kubwa lenye vibanda vya wauzaji tofauti, malipo yote kaunta ya mbele.

Duka nimelipatia nyota nne. Ya tano imeliwa na zambarau, nitaeleza.

Kibanda cha kwenda moja kwa moja ni cha mwisho, upande wa dirisha. Vikombe vyake vimepangwa kwa namba za CD, zile ambazo wakusanyaji wa Marekani hutambulia umbo hata jina la kiwanda likiwa limefutika. Hemingray, kampuni ya zamani ya vikombe vya kioo, ndiyo imejaa, na haishangazi: walijenga kiwanda hapa hapa Muncie mwaka 1888. Nilichukua CD 154, Hemingray-42, rangi ya kijani-buluu, dola 5. Vilitengenezwa vingi mno, kwa hiyo akija mtu kukuambia ni adimu, mcheke. Lakini kishike! Kizito, uzi wa ndani (ule wa kukikaza kwenye pini ya nguzo) safi, mwanga unapita wote.

Geuza uangalie ukingo wa chini. Kuna vichomozo mzunguko mzima, kama matone yaliyogandia hapo, vya kufanya maji ya mvua yadondoke badala ya kutambaa kwenda kwenye pini. Hataza yake ni ya tarehe 2 Mei 1893, na vikombe vingi vya zamani vimeandikwa tarehe hiyo ubavuni. Pitisha kidole kabla hujalipa. Vyenye ncha kali humeguka upesi, na kilichomeguka usikilipie bei ya kizima.

Kauri za kahawia, yaani vikombe vya nguzo visivyo vya kioo, wamezitupa sakafuni ndani ya kreti, na kwangu huko ndiko kulikonoga. Kioo kikipata ufa utauona. Kauri inauficha chini ya ule mng'ao. Nikazigonga moja moja kwa funguo ya gari. Nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti butu. Mama wa kaunta alikuja mbio akidhani navunja mali ya watu, nikamweleza, mwishowe akawa anagonga na yeye. Nilipata mbili nzima, dola 3 kila moja.

Sasa zambarau. Kibanda kingine kina kikombe cha zambarau iliyokolea, dola 60, kimebandikwa "adimu sana". Kioo kisicho na rangi chenye manganizi hugeuka zambarau kikipigwa jua miaka mingi, hilo ni kweli, ila mara nyingi rangi huwa hafifu. Ikikolea kama juisi ya zabibu, shuku kwamba kimepigwa mionzi makusudi. Nilimuuliza mhudumu kilitoka laini gani, akaniambia yeye hajui, mwenye kibanda hayupo. Basi kikae hapo hapo.

Taa za ndani ni za njano na hudanganya rangi, hivyo omba kukitoa kikombe mlangoni, hawakatai. Ukitaka kupunguziwa bei, kaunta watampigia simu mwenye kibanda. Ila si kwa kitu cha dola 5, jamani.