Tahadhari kwa wakazi wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa: muuza dhahabu anayetanguliza sampuli ya kweli

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naandika haya hasa kwa wale ambao malipo ya korosho yameshaingia kwenye akaunti na wanafikiria kuyaweka kwenye dhahabu, badala ya kuyaacha yaishie kwenye matumizi ya kila siku. Wazo lenyewe si baya. Bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi 2025, na Oktoba ya mwaka huohuo ikavuka dola 4,000, kwa hiyo si ajabu kwamba hata kwenye AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika wa mazao, watu sasa wanazungumzia gramu. Lakini yupo mtu anayezunguka maeneo yetu akiuza shaba ya manjano, ile ya vitasa na mabomba, kwa jina la dhahabu. Mimi ni mmoja wa walioumia: nilimpa shilingi 4,400,000 kwa mkono wangu.

Anajitambulisha kuwa mchimbaji mdogo kutoka upande wa Ruangwa, ambaye karasha lake, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, limeharibika na anahitaji fedha za vipuri. Ni mtu mpole, mwenye salamu ndefu, na hamharakishi mtu. Safari ya kwanza alikuja na gramu mbili tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza nizipeleke kwa sonara kabla ya kulipa. Nilizipeleka. Sonara akazisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, na ule mstari wa njano haukufutika. Zilikuwa dhahabu kweli, na tangu saa ile nikaacha kumtilia shaka.

Siku tisa baadaye aliniita kwenye gesti moja mjini Masasi, akiwa na gramu 20. Alizipima mbele yangu kwenye mzani mdogo wa kidijitali, akanipa kipande kimoja nikishike, kisha akavifunga vyote kwenye karatasi ya kaki na kuizungushia selotepu mara nyingi, akinionya nisifungue njiani kwa sababu askari wakinikuta na dhahabu bila kibali nitakamatwa. Onyo hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinifunga mdomo: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza mtu kumiliki madini bila idhini. Nilikaa na kile kifurushi wiki tatu bila kumwambia hata mke wangu. Nilipokifungua kwa sonara yuleyule, tone la kwanza la tindikali lilichemka na kutoa povu la kijani. Sonara hakusema neno, alinisogezea tu kiti.

Sisi ni watu wa korosho, na jambo hili tulipaswa kulijua kuliko wengine. Hakuna mnunuzi anayepokea shehena ya ghala zima kwa kuangalia gunia moja alilochaguliwa na mwenye mali. Huchomwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli kwenye gunia, huku na huku, korosho zikakatwa, ndipo daraja likajulikana. Mimi nilikagua gunia moja kwa umakini mkubwa, halafu nikanunua jingine ambalo sikulikagua.

Bei nayo ilikuwa inasema, ila sikuisikiliza. Siku hizo gramu moja ya dhahabu safi ilizidi shilingi 300,000, naye alinitajia 220,000. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba akipeleka sokoni serikali inamkata sana. Ukikaa chini ukapiga hesabu, maelezo hayo hayasimami. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya serikali kwa madini yanayouzwa, kwa kawaida ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi ni asilimia 1, na tangu mwaka 2019 mchimbaji mdogo anayeuza kwenye soko la madini aliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mtu anayekwepa makato ya namna hiyo hana sababu ya kupunguza bei kwa karibu theluthi moja, isipokuwa kama anachouza hakina bei hiyo.

Naomba pia mjifunze kipimo cha maji, ambacho kingeniokoa kwa dakika tano palepale gesti. Weka kikombe chenye maji juu ya mzani unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha kining'inize kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Kipande cha gramu 20 cha dhahabu safi kitaongeza kiasi cha gramu 1.04 tu, kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Cha shaba ya manjano kitaongeza zaidi ya 2.3. Dhahabu ghafi iliyochanganyika na fedha itazidi kidogo ile 1.04, lakini haitakaribia 2. Sumaku haisaidii hapa, maana shaba nayo hainaswi. Hata kipimo cha maji kina mpaka wake, kwani tangisteni, metali nyingine, ina uzito unaokaribiana kabisa na wa dhahabu. Kinamkamata mwongo wa shaba, hakimthibitishi muuzaji.

Dhahabu ghafi ni biashara ya wenye leseni, na sehemu yake ni kwenye masoko ya madini, ambako Tume ya Madini ina maofisa na kila mzigo hupimwa na kuandikiwa stakabadhi. Asiye na leseni anayetaka kuweka akiba anunue kito kwa sonara mwenye duka linalojulikana, na risiti itaje uzito na karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Karati 18 ni asilimia 75, kwa hiyo pete ya gramu 10 ina dhahabu gramu 7.5, na siku ya kuiuza utalipwa hizo, si gharama ya ufundi.

Namba ya simu ya mtu huyo haipatikani tena, na nimesikia kwamba mtu mwenye maelezo yaleyale ya karasha ameonekana Newala. Vipande vyangu nimevikabidhi polisi Masasi pamoja na karatasi yake ya kaki, na maelezo yangu yameandikwa. Aliyeuziwa vya namna hiyo asikivunje wala kukiyeyusha kifurushi chake, na asizuiwe na hofu ile aliyotupandikiza. Akipeleke kituoni kikiwa na selotepu yake.