Mabati ya nyuma ya Beetle: nunua sketi, kona mwachie muuzaji

Seti ya mabati ya kukarabati nyuma ya Volkswagen Beetle kwa kawaida huja na sketi moja, yaani bati linalolala kati ya mfuniko wa injini na bampa, pamoja na vishikio viwili vya bampa na kona mbili za chini zinazojificha nyuma ya fenda. Muuzaji atakubembeleza uchukue seti nzima kwa kuwa bei yake kwa pamoja inaonekana nafuu. Chukua sketi, chukua vishikio, kona mwachie.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha unajua umri wa gari lako. Usiutegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, maana mara nyingi huo ni mwaka wa usajili. Inua kiti cha nyuma usome namba ya chesi iliyogongwa juu ya mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli: namba inayoanza na 118 ni modeli ya 1968. Tarakimu hiyo ikiwa 5, inaweza kuwa 1965 au 1975; namba yenye tarakimu tisa ni ya zamani, yenye kumi ni ya baadaye. Hili lina uzito kwa sababu modeli ya 1968, iliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1967, ilipata mfuniko wa injini mfupi zaidi, sketi ndefu zaidi na bampa jipya lililokaa juu. Sketi ya 1966 haifungi kwenye gari la 1970 hata ukiipiga nyundo hadi jioni. Modeli ya 1975 nayo ilikuja na sketi iliyotuna kwa nje. Tangazo linalosema "inaingia Beetle zote" lipite tu.

Kisha pima unene. Bati la kiwandani lilikuwa la milimita 0.8 hadi 0.9. Sketi za bei ya chini kabisa huwa nyembamba zaidi, na ukiibana ya namna hiyo kwa vidole viwili katikati unasikia inalia "tong" na kurudi. Ikishachomelewa haitatulia, itakuwa na mawimbi yasiyoisha kwa puti, ile dawa ya kujazia mabonde ya bodi. Rangi nyeusi iliyopakwa juu nayo ijaribiwe kwa kitambaa chenye thina: ikitoka, ni ya kuzuia kutu safarini tu, iondoe yote. Isipotoka, ipige msasa namba 240 na uijengee juu yake.

Jambo linalotenganisha sketi nzuri na mbaya ni mfereji wa ukingo wa ndani unaoshika mpira wa kuziba chumba cha injini, na hili wanunuzi wengi hawaliangalii. Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa. Feni huvuta hewa baridi iliyoko juu ya mabati ya injini, huku ekzosi na joto lake vikikaa chini. Mpira ndio mpaka kati ya pande hizo mbili. Mfereji ukiwa mfupi au umepinda, mpira huchomoka, hewa ya moto hupanda na feni huizungusha tena juu ya silinda. Kwenye injini za kabla ya 1971 silinda namba 3 ndiyo ya kwanza kuumia, kwa sababu kipoza oili kimekaa ndani ya nyumba ya feni na tayari kinaipokonya sehemu ya hewa yake. Wapo waliofungua injini mara mbili wakitafuta ugonjwa wa joto ambao chanzo chake ni sketi. Ukiipokea, chukua kipande cha mpira huo ukipitishe kwenye mfereji wote kabla hujatupa boksi.

Vishikio vya bampa ndivyo vinavyooza kwanza. Tope linalorushwa na gurudumu hujazana pale kishikio kinapokutana na bodi, na likishajaa halikauki. Kwa magari ya Mombasa au Dar es Salaam ongeza chumvi ya bahari. Kutu huanzia ndani, kwa hiyo siku rangi inapovimba kwa nje, bati limeshakuwa kaki. Pitisha sumaku: isiposhika, chini kuna puti tupu. Vishikio vya kununua vina faida moja kubwa, nati zake zimeshachomelewa kwa nafasi sahihi, kazi ambayo ni ngumu kuipata kwa mkono. Ikihama milimita chache pale kwenye nati, ncha za bampa zitahama zaidi, na jicho huliona hilo kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa kona. Hizi ndizo zinazoharibu sifa ya seti. Mkunjo wake mara nyingi haufuati mkunjo wa bodi, na matundu ya bolti za fenda hayalingani. Fundi huishia kuyapanua kwa tupa, kisha fenda inakaa imenuna. Na ni gharama isiyo na sababu, kwa kuwa sehemu yenyewe imefunikwa na fenda. Bati la geji 20, takriban milimita 0.9, likikunjwa kwa mkono kwenye jiliwa linatosha kabisa. Kata kutu tu hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa, tengeneza kigezo cha karatasi ngumu, kunja, na uchomelee nati mpya za M8 kwa kufuata matundu ya fenda yako mwenyewe.

Kuhusu kufunga. Ondoa waya hasi wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Shusha injini. Kuchomelea sketi ikiwa injini iko ndani kunawezekana, lakini cheche, bomba la petroli na oili iliyoganda havikai pamoja kwa amani. Fenda hutoka kwa bolti za M8, spana namba 13. Zimwagie oili ya kupenya tangu jana yake, na inayogoma ipashe moto kwenye nati, usiilazimishe. Ikikatikia ndani ya nati iliyofungiwa, utalazimika kuitoboa na kuweka nyingine.

Usikate bati la zamani kabla ya kupima ulalo wa uwazi unaofunikwa na mfuniko wa injini kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, na kuandika vipimo. Nukta za kuchomelea za kiwandani zitoboe kwa biti ya milimita 8, ukiishia kwenye bati la juu. Kisha shikiza sketi mpya kwa koleo za kubana, funga fenda zote mbili kwa bolti tatu tatu, funga mfuniko wa injini, na funga bampa. Gari lenyewe ndilo kipimo chako. Mikono ya bampa inapaswa kupita katikati ya matundu ya fenda bila kugusa pembeni, na nafasi kuzunguka mfuniko ilingane kushoto na kulia. Hapo tu ndipo unapochoma nukta za kwanza.

Kwa bati jembamba hivi, mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni ndiyo inayofaa. Toboa matundu ya milimita 6 kwenye ukingo wa bati jipya, umbali wa milimita 40 hivi, safisha, paka praima ya zinki kwenye nyuso zitakazokutana, kisha jaza matundu kwa kurukaruka: moja kushoto, moja kulia, na kusubiri. Usimwagie maji ili kuharakisha, bati litajikunja. Welding ya rodi itatoboa. Gesi ya mtungi inaweza, lakini joto lake huenea na sketi hupinda katikati. Kuunga kwa brasi kunapunguza joto, ila dawa ya brasi isiposafishwa yote, rangi huvimba baadaye.

Ukimaliza, paka praima ya epoksi kwenye chuma kabla ya puti, kwa sababu puti hunyonya unyevu. Puti isizidi milimita 2. Ukihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Viungo vyote vizibwe kwa sila upande wa ndani, na baada ya rangi pulizia nta kwenye nafasi zilizofungwa nyuma ya vishikio. Hatua hii ya nta huachwa mara nyingi, na pale ndipo kutu ilipoanzia mara ya kwanza.

Kama wanakuuzia na fenda mpya pia, fenda ya kiwandani iliyobonyea lakini isiyooza ni bora kuliko mpya nyingi: nyundo na doli, kile chuma cha kukingia nyuma ya bati, vitairudisha. Za faiba ni nyepesi na hazishiki kutu, ila hupasuka kuzunguka bolti, kwa hiyo tumia washa pana na usikaze kwa nguvu zote. Mpira wa kati ya fenda na bodi ununue mpya, uupange bolti zikiwa bado zimelegea, na uanze kukaza kutoka juu kabisa ya tao kuelekea chini pande zote mbili.